Kujilinganisha na Wenzao: Athari Zake Katika Nyoyo za Wanafunzi

Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Ama baad. Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, hapa visiwani kwetu nyumba moja huingia furaha na nyumba ya pili ikaingia unyonge. Hilo ni la kawaida, kwani aliyefaulu hufurahi na aliyeanguka huhuzunika. Lakini wazee wengi wameliona na jambo la tatu, nalo si jepesi kulieleza: mtoto amefaulu, na bado amenyong'onyea. Asubuhi alikuwa akicheka, na jioni, baada ya kusikia wenzake wamepata nini, amejifungia chumbani na chakula hakitaki. Alama zake hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kipimo alichojipimia.

Makala hii inaeleza kujilinganisha ni nini, kunaingiaje katika moyo wa mwanafunzi, wataalamu wameona nini, Dini yetu inatuelekeza vipi, na mzazi, mwalimu na mwanafunzi mwenyewe wafanye nini.

MAANA YA KUJILINGANISHA

Tunakusudia mtu kujipima kwa kumtazama mwenzake: yeye amepata ngapi na mimi ngapi, amehifadhi juzuu ngapi na mimi nimefika wapi, amevaa nini siku ya Iddi na mimi nimevaa nini.

Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika nadharia ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa elimu hii. Alieleza kuwa binaadamu ana haja ya kujua uwezo wake umefika wapi, na pale asipokuwa na kipimo cha wazi, hujipima kwa watu. Akaongeza kuwa mtu hajipimi kwa kila anayemuona, ila kwa yule anayefanana naye. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili hajilinganishi na profesa. Hujilinganisha na aliyekaa naye dawati moja, au na mtoto wa ami yake waliozaliwa mwaka mmoja.

Karne nyingi kabla yake, Imaam Al-Ghazaaliy (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia) alilitaja jambo lenye kukaribiana na hilo katika kitabu chake Ihyaau 'Uluumid-Diyn. Alieleza kuwa husuda hukua zaidi baina ya wanaogombania lengo moja: mwanachuoni humhusudu mwanachuoni mwenzake, na mfanyabiashara humhusudu mfanyabiashara. Walio mbali, ambao malengo yao hayakutani, ni nadra kuhusudiana. Ndiyo maana jambo hili huumiza zaidi darasani, chuoni na ndani ya ukoo. Wanaolinganishwa ni wale wale wanaopendana na kuonana kila siku.

AINA ZAKE

Kujilinganisha kuna pande mbili.

1. Kumtazama aliye juu yako. Huku kunaweza kumpa mwanafunzi hamu ya kusoma, na kunaweza kumvunja moyo.

2. Kumtazama aliye chini yako. Huku kunaweza kumletea mtu shukurani na huruma, na kunaweza kumletea kiburi na uvivu.

Kwa hiyo tusiseme kuwa kila kujilinganisha ni kubaya. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Kanada, Penelope Lockwood na Ziva Kunda, walichapisha uchunguzi ambamo wanafunzi wa uhasibu walisomeshwa habari za mwanafunzi hodari sana wa fani yao aliyekuwa anakaribia kumaliza chuo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipata moyo, kwani waliona wanao muda wa kufika alipofika. Wa mwaka wa mwisho hawakunufaika hivyo, kwa sababu muda wao ulikuwa umekwisha. Funzo lake kwetu ni jepesi kulishika: mfano wa aliyefanikiwa humjenga mtoto pale tu anapoiona njia ya kufika. Ukimuonyesha kilele na usimuonyeshe ngazi, umemuongezea uzito.

ATHARI ZAKE KWA MWANAFUNZI

Ya kwanza ni kupotea kwa furaha ya alichokipata. Tuchukue mtihani wa Kidato cha Nne. Daraja la Kwanza huanzia pointi 7 hadi 17, na la Pili huanzia 18 hadi 21, na kadiri pointi zinavyopungua ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri zaidi. Kijana aliyepata pointi 18 amefanya kazi kubwa, na milango mingi iko wazi mbele yake. Lakini rafiki yake akipata 17, basi ile pointi moja huweza kumfanya aone miaka minne yote imepotea.

Ya pili ni kujiona hana thamani. Mtoto huanza kwa kusema "nimeanguka hesabu", kisha akasema "mimi sijui hesabu", na mwisho akasema "mimi sina akili". Maneno haya matatu yako mbali mbali. La kwanza linahusu karatasi ya mtihani, la pili linahusu somo zima, na la tatu linahusu nafsi yake. Mzazi asikilize mwanawe amefika neno la ngapi.

Ya tatu ni wasiwasi: kukosa usingizi siku za mtihani, tumbo kuuma asubuhi ya skuli, kuogopa kuinua mkono darasani asije akachekwa. Wengine huanza kuibia katika mitihani, maana wameshaona kuwa nyumbani kinachoulizwa ni nafasi aliyoshika tu.

Ya nne ni kuharibika kwa udugu. Aliyelinganishwa humchukia aliyelinganishwa naye, na mwenzake hana kosa lolote. Na yule anayesifiwa naye huumia: huishi na khofu ya kushuka, na huwapoteza marafiki bila ya kujua sababu.

ANAPOHAMIA SKULI YA WALIO HODARI

Kuna hali moja ambayo wazee wengi huwashitukia. Mtoto aliyekuwa wa kwanza katika skuli ya kijijini kwao, Pemba au shamba Unguja, huchaguliwa kuingia skuli ya vipawa au darasa la michipuo. Nyumba nzima hufurahi. Baada ya muhula mmoja anarudi kutoka dahalia akiwa mtu mwengine: amepoa, hana hamu, anasema anataka kurudi skuli ya zamani.

Wataalamu wanalijua jambo hili. Herbert Marsh, aliyefanya utafiti wake kwa miaka mingi huko Australia, alilifananisha na samaki: yule aliyekuwa mkubwa katika kidimbwi kidogo hujiona mdogo anapoingia katika ziwa lenye samaki wakubwa. Mwaka 2003 yeye na Kit-Tai Hau walichapisha uchunguzi wa nchi 26 uliohusisha zaidi ya wanafunzi 100,000 wenye umri wa miaka 15. Walikuta kuwa wanafunzi wawili wenye uwezo sawa hujiona tofauti kutegemea skuli walizomo. Aliyezungukwa na walio hodari zaidi alikuwa na imani ndogo na uwezo wake wa masomo.

Hatusemi mtoto asipelekwe skuli nzuri. Tunasema aandaliwe kabla ya kwenda. Aambiwe mapema: "Mwanangu, huko unakokwenda wote walikuwa wa kwanza makwao. Ukiwa wa ishirini haina maana umepungua akili." Maneno haya mzazi akiyasema kabla ya safari yana kazi kubwa kuliko kuyasema baada ya ripoti.

SIMU NA MITANDAO

Zamani kijana alijilinganisha na darasa lake, na akirudi nyumbani hupumzika. Leo darasa liko mkononi. Matokeo yakitoka, hali za WhatsApp hujaa pongezi. Likizo ikifika, Instagram na TikTok hujaa safari, nguo na simu mpya. Kijana aliyelala kitandani usiku huona ya watu mia, na kila mmoja ameweka lililo zuri tu. Hakuna anayeweka picha ya usiku aliolia.

Mwaka 2013 Ethan Kross na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwafuatilia vijana 82 kwa wiki mbili, wakiwatumia ujumbe mara tano kwa siku kuwauliza hali zao. Walikuta kuwa kijana alipotumia Facebook zaidi baina ya ujumbe mmoja na mwengine, alijisikia vibaya zaidi alipoulizwa tena. Kuonana na watu ana kwa ana au kuzungumza nao kwa simu hakukuonyesha athari hiyo. Uchunguzi mmoja wa watu wachache hautoshi kuhukumu kila kijana, lakini unaafikiana na tunayoyaona majumbani mwetu.

Katika Suwrat Twaahaa, Aayah ya 131, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Anamkataza Mtume Wake (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) asiyakodolee macho yale waliyostareheshwa nayo wengine katika mapambo ya dunia, na Anabainisha kuwa ni mtihani kwao, na kwamba riziki ya Mola wake ni bora na yenye kubakia zaidi. Makatazo haya yanahusu jicho, na jicho la kijana wa leo liko katika kioo cha simu.

ULIMI WA MZAZI

Kujilinganisha kwingine mtoto hajitafutii mwenyewe. Hupewa. "Mtazame mtoto wa khalati yako." "Dada yako alipokuwa darasa hili alikuwa wa pili." "Mwenzako keshahitimu juzuu kumi, na wewe uko pale pale." Mzazi anayesema hivi hakusudii ubaya. Anataka mtoto ajitahidi, na pengine yeye mwenyewe alilelewa kwa maneno hayo hayo. Lakini anachokisikia mtoto ni kuwa mapenzi ya nyumbani yana bei, na mwenziwe ameshailipa.

Tuzingatie kisa cha Nabii Yuusuf ('Alayhis-salaam). Nabii Ya'quub ('Alayhis-salaam) hakuwa mwenye kudhulumu wanawe. Pamoja na hayo, pale wale ndugu walipojiona kuwa Yuusuf na mdogo wake wanapendwa zaidi, nyoyo zao zilifika pahala pa kumtupa ndugu yao kisimani. Ikiwa dhana peke yake ilifika huko, vipi pale mzazi anapoitamka kwa ulimi wake kila siku wakati wa chakula?

Na katika Hadiyth ya Nu'maan bin Bashiyr (Radhwiya Allaahu 'anhuma), iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, baba yake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi na kumshuhudisha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Mtume alimuuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Alipojibu kuwa hakufanya hivyo, Mtume hakukubali kuwa shahidi, na akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Wanachuoni wamelizungumza hili katika mali. Sisi tunaona kuwa sifa na lawama nazo ni zawadi na mizani, na mzazi mwema huziangalia.

HUSUDA NA GHIBTWAH

Huulizwa: je, kijana anapatikana na dhambi kwa kujilinganisha na mwenzake?

Wanachuoni wamepambanua mambo mawili. Husuda ni kutamani neema imuondokee mwenzako, nayo ni haramu. Ghibtwah ni kutamani upate mfano wa alichopata bila ya kutaka kimtoke, nayo inaruhusiwa, na katika mambo ya kheri inapendeza. Katika Hadiyth ya Ibn Mas'uud (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyoko kwa Al-Bukhaariy na Muslim, waliotajwa kuwa wanafaa kuonewa wivu wa namna hiyo ni wawili: aliyepewa mali akaitoa katika haki, na aliyepewa hekima akaitumia kuhukumu na kufundisha. Ama fikra inayompitia mtu ghafla moyoni, naye akaichukia na asiifuate, Al-Ghazaaliy na wengineo wameeleza kuwa haiwi sawa na husuda iliyopewa makaazi.

Vile vile Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuelekeza, katika Hadiyth ya Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu), tuwatazame walio chini yetu katika mambo ya dunia na tusiwatazame walio juu yetu, ili tusije tukadharau neema za Allaah. Kijana mwenye daftari, sare na mwalimu afahamishwe kuwa wako wanaolilia hivyo vitatu. Lakini mzazi asiifanye Hadiyth hii kuwa fimbo ya kumnyamazisha mtoto anayelia. Kwanza msikilize, kisha mkumbushe.

Na Swahaba hawakuwa na kipawa kimoja. Imepokewa na At-Tirmidhiy kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimtaja Mu'aadh bin Jabal kwa ujuzi wa halali na haramu, Zayd bin Thaabit kwa elimu ya mirathi, na Ubayy bin Ka'b kwa usomaji wa Qur-aan. Kila mmoja alisifiwa kwa lake. Wazee wetu wa pwani nao walisema: kila ndege huruka kwa ubawa wake.

YA KUFANYA

Kwa wazazi:

1. Mlinganishe mtoto na nafsi yake ya jana. Weka ripoti zake zote pahala pamoja. Aliyetoka alama 32 za Kiingereza akafika 45 amepanda, hata kama mwenzake ana 80. Mwambie umeuona mwendo wake.

2. Sifu jambo alilolifanya: kuamka mapema, kuuliza mwalimu, kurejea zoezi alilokosea. Hayo anaweza kuyafanya tena kesho. Akisifiwa akili tu, hana la kushika siku atakayoanguka.

3. Siku ya matokeo, uliza hali yake kabla ya kuuliza alama zake. Na usizitangaze kwenye kundi la ukoo bila ya idhini yake, ziwe nzuri au mbaya.

4. Weka saa ya simu kulala. Simu zote za nyumbani, na ya mzazi ikiwemo, zikae sebuleni usiku.

5. Chunga barza na harusi. Mtoto akisikia mama yake anajilinganisha na jirani kwa dhahabu na fanicha, hatajifunza kukinai kwa waadhi.

Kwa walimu wa skuli na chuoni:

1. Msisome alama za kila mwanafunzi mbele ya darasa zima. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha za skuli kumi bora na wanafunzi kumi bora katika matokeo yake. Ikiwa taifa limeweza, darasa la watoto 60 linaweza.

2. Chuoni, mpeni nafasi yake mtoto mzito wa ulimi. Imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kutoka kwa Mama 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) kuwa aliye mahiri wa Qur-aan yuko pamoja na Malaika watukufu, na anayeisoma kwa kukwama na taabu ana ujira mara mbili. Vipi basi tumwite mvivu mwenye kuandikiwa thawabu mbili?

Kwa wanafunzi:

1. Ukimuona aliyekuzidi, muulize anasomaje. Swali hilo hugeuza mshindani akawa mwalimu. Na muombee baraka. Ulimi ukizoea dua, moyo huufuata.

2. Zima au ondoa kurasa zinazokuacha na unyonge kila ukizifungua. Hulazimiki kumtazama kila mtu.

3. Kila Alkhamisi usiku andika mambo matatu uliyoyajua wiki hii ambayo wiki iliyopita hukuyajua. Hicho ndicho kipimo chako.

DALILI ZA KUTAFUTA MSAADA

Huzuni ya siku mbili tatu baada ya matokeo ni ya kawaida. Lakini mzazi asisubiri ikiwa unyonge umepita wiki mbili, mtoto halali au analala kutwa, amewaacha marafiki na michezo aliyoipenda, hali vizuri, au anasema maneno kama "bora nisingezaliwa". Maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni utovu wa adabu wala deko. Muulizeni kwa upole na uwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii fikra hiyo. Kunampa mlango wa kusema. Akijibu kuwa anafikiria, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Katika hali nyengine anzeni na daktari wa kituo cha afya kilicho karibu, na namba 116 ni simu ya bure ya kumsaidia mtoto, Bara na Zanzibar. Wako wanaoona aibu, wakidhani kila mwenye shida ya nafsi hupelekwa Kidongo Chekundu na jina lake likaharibika. Hiyo ni hospitali kama hospitali nyengine, na wengi hutibiwa bila ya kulazwa. Kisomo na dua ni tiba kwa Muislamu, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha pia kujitibu. Viwili hivi havigombani.

HITIMISHO

Kujilinganisha hakutaondoka katika nyoyo za watu. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametubainishia katika Suwrat Az-Zukhruf, Aayah ya 32, kuwa Yeye Ndiye Aliyegawa maisha baina ya waja na Akawanyanyua baadhi juu ya wengine kwa daraja. Na katika Suwrat An-Nisaa, Aayah ya 32, Ametukataza kutamani Alichowafadhilisha wengine, na Akatuelekeza tumuombe Yeye fadhila Zake. Kilicho mikononi mwetu ni kipimo tunachompa mtoto. Tukimpa mwenzake kuwa kipimo, kila siku atampata aliyemzidi. Tukimpa juhudi yake na ridhaa ya Mola wake, atasoma akiwa na amani, na wenzake watabaki kuwa ndugu zake.

Tunamuomba Allaah Awajaalie wanetu elimu yenye manufaa, nyoyo zilizosalimika na husuda, na nafsi zenye kukinai. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.